Ukalimani na Ufadhili wa Truman

Mdogo wangu, umeuliza iwapo ukalimani unaowafanyia wakimbizi wa Kongo katika zahanati za Ohio unatosha kukuwezesha kuwania ufadhili wa Truman, unaogharimia masomo ya shahada ya juu kwa wanaolenga utumishi wa umma, ilhali hujawahi kushika cheo chochote katika serikali ya wanafunzi. Naamini unatosha, kwa sababu ufadhili huo, ulioanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1975 kwa kumbukumbu ya Rais Harry S. Truman, hutazama zaidi mabadiliko ambayo mwombaji ameyaleta kwa wengine kuliko vyeo alivyowahi kushika.

Kazi kubwa iko kwenye pendekezo la sera ambalo kila mwombaji huliandika. Usiandike tu kwamba wakimbizi wanahitaji huduma bora; simulia kisa cha yule mama uliyemtaja, aliyelazimika kuelezwa dozi ya dawa yake kupitia mtoto wa miaka 10, kisha utaje ofisi yenye mamlaka ya kubadilisha utaratibu huo, gharama zake, na watakaoupinga. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu kwa asili ya taifa lao, na hapo ndipo hoja yako, kwamba kumnyima mgonjwa mkalimani ni ubaguzi wa aina hiyo, itakaposimama imara.

Kwa kuwa wewe ni raia wa Marekani na uko mwaka wa tatu, muone mapema mratibu wa ufadhili chuoni, kwani bila kuteuliwa na chuo huwezi kuomba. Washindi hutakiwa kufanya utumishi wa umma kwa miaka 3 kati ya 7 baada ya shahada ya juu, sharti ambalo kwako, kwa jinsi ulivyojieleza, silioni kuwa mzigo.