Kabla ya ndizi, uliza huyo mama amesimama tangu saa ngapi

Mhariri, wiki hii mmeuliza nini husababisha misuli kukaza na kama ndizi husaidia. Mimi nitajibu ya mguu wa usiku tu, na mbona kila anayeshikwa anaambiwa kunywa maji, kula ndizi, basi. Angalieni ni akina nani wanashikwa. Wakata miwa wa Muhoroni, watu wa mjengo, akina mama wa soko. Ni kazi inawamaliza! Vile wataalamu wengi wanaeleza siku hizi, msuli ukichoka sana neva zinaendelea kuuambia kaza, na ile amri ya kulegea inakuwa dhaifu.

Mama yangu anauza samaki soko la Kibuye hapa Kisumu, na Jumapili ndiyo siku yenyewe, anasimama tangu alfajiri mpaka giza. Usiku mmoja tukasikia nduru tukadhani ni wezi, kumbe ni shavu la mguu limejikunja, ukiligusa ni gumu kabisa, vidole vimeangalia chini, na mama si mtu wa kulia lakini siku hiyo alilia. Ploti nzima ikaamka. Huyu analeta maji ya chumvi, huyu mafuta ya kuchua, jirani mwingine akaja na tembe za kwinini zilizobaki za malaria, ati wazee walikuwa wanapewa za miguu. Ni kweli walipewa, lakini Marekani walishaonya tangu 2006 isitumike hivyo, inaweza kuharibu damu na mapigo ya moyo, nikamrudishia mkononi. Aliyesaidia ni kakangu, alinyoosha goti, akavuta vidole polepole kuelekea kwa muundi akashikilia hapo mpaka msuli ukaachilia. Asubuhi mama bado alikuwa anachechemea.

Kliniki nesi akauliza, mama unakunywa dawa gani? Ya presha, ile ya kukojoza. Hiyo hutoa maji pamoja na chumvi na potasiamu. Wakapima damu, daktari akambadilishia.

Sasa hapo ndio msimamo wangu unalegea, maana tangu abadilishiwe imepungua sana na kusimama bado anasimama vile vile. Kwa hivyo maji na chumvi siwezi kataa, haswa na hili joto letu la Kisumu. Lakini ikirudi, ni Jumapili usiku. Nasema uchovu kwanza, ila mjamzito, mwenye sukari au figo, ama anayetumia dawa kama hizo, apimwe kwanza. Wasio na hayo, ndizi kuleni tu, haina shida. Na tafadhali mtu asiache dawa ya presha juu ya hii barua, arudi kwa aliyemwandikia.