Kabla hujasema ubongo unakokotoa, piga hesabu

Kila muhula ukianza napata simu za vijana wawili watatu wanaotaka kusoma modeli za akili ya binadamu kwa njia ya kompyuta. Mmoja ametoka kwenye hesabu, mwingine saikolojia. Mimi nilianza peke yangu hapa Mtwara, na kosa la kwanza lilinila miezi. Bora niwape mapema.

Nilitaka kueleza namna dereva anavyopanga safari. Jirani yangu, mzee wa makamo, msimu wa korosho huendesha lori la kuzoa magunia kwenye maghala ya vyama vya msingi: Nanyamba, Tandahimba, Mahuta, Kitangari, Newala na vijiji vya pembeni, jumla vituo 15. Modeli yangu ilidai kwamba dereva hulinganisha mizunguko yote inayowezekana, kisha anachukua ulio mfupi. Kwenye karatasi ilipendeza. Nikaiwasha jioni, asubuhi nikaikuta bado inasaga. Nikahangaika siku nzima kutafuta kosa kwenye programu, na kosa halikuwamo. Vituo 15 vina mipangilio 1,307,674,368,000. Ukipima milioni moja kila sekunde, unahitaji siku 15, usiku na mchana, na umeme usikatike. Mzee yeye aliniambia anaanzia wapi na kumalizia wapi kabla chai yake haijapoa.

Basi nikalaumu mashine, kama wafanyavyo wageni wote. Nawe utashawishika. Lakini ongeza vituo vitano tu, vifike 20, na mashine ileile itahitaji zaidi ya miaka 77,000. Tafuta yenye kasi mara elfu, utabaki na miaka 77. Mtu atakuambia ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, zote zinafanya kazi kwa pamoja. Haya, tumpe nafasi: kila seli ipime mzunguko mmoja kwa sekunde, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa. Vituo 25 vitazichukua seli hizo zaidi ya miaka milioni 5.

Ndiyo maana nawaambia someni nadharia ya ugumu wa ukokotozi, yaani elimu ya kupima kazi ya kujibu swali inavyoongezeka swali likikua, kabla ya kuandika modeli hata moja. Mwaka 1971 mwanasayansi wa kompyuta Stephen Cook alionyesha kuna swali moja la mantiki ambalo, ukipata njia ya haraka ya kulijibu, umepata njia ya haraka kwa maswali yote ya kundi liitwalo NP, yaani yale ambayo jibu la ndiyo, ukiletewa ushahidi wake, unaweza kulihakiki haraka. Leonid Levin alifika palepale kwa njia yake huko Urusi. Mwaka 1972 Richard Karp akaonyesha maswali 21 yenye sifa hiyohiyo. Hadi leo hakuna aliyeipata hiyo njia, wala aliyethibitisha kwamba haipo. Taasisi ya Hesabu ya Clay iliweka zawadi ya dola milioni moja mezani kwa atakayemaliza ubishi huo mwaka 2000, na bado zipo. Kwa hiyo msiseme "NP-gumu" (swali zito angalau kama yote ya kundi la NP) kwa maana ya "haiwezekani". Na ugumu huo ni wa swali lenyewe. Kubadilisha mbinu ya kulijibu hakuuondoi.

Sehemu inayowanasa wengi ni hii. Modeli ikionekana nzito mno, mwanafunzi hujitetea: "Ubongo hautafuti jibu kamili, unakadiria tu." Linasikika kama jibu la mtu mzima. Sasa angalia mitandao ya Bayes, yaani michoro ya uwezekano inayounganisha mambo yanayotegemeana, inayopendwa sana kueleza jinsi tunavyokisia mambo. Gregory Cooper alithibitisha mwaka 1990 kwamba kukokotoa uwezekano kamili ndani yake ni NP-gumu. Miaka mitatu baadaye watafiti Dagum na Luby wakaonyesha kwamba hata kukadiria kwa usahihi wa kuaminika ni NP-gumu. Umekimbia mvua ukaingia mtoni. Herbert Simon, mtafiti wa namna watu wanavyoamua, alisema watu huridhika na kinachotosha, nami namkubali, ila kwa maswali mengi kutafuta hicho kinachotosha nako kuna ugumu uleule. Neno "kadirio" bila uthibitisho wake ni pazia tu.

Kilichoniokoa ni kazi ya mwaka 2008 ya Iris van Rooij, mtafiti wa modeli za akili. Hoja yake: usiulize tu kama swali ni gumu, uliza ugumu wake unakaa wapi. Mara nyingi umejificha kwenye kipimo kimoja, yaani upande mmoja wa swali, kama vile barabara zinavyopishana. Kipimo hicho kikiwa kidogo katika maisha halisi, swali linalegea hata kama vituo ni vingi. Basi nikaacha laptop nikatazama ramani. Barabara kubwa inatoka Mtwara, inapanda uwanda wa Makonde hadi Newala, inashuka Masasi, na nyingine inarudi pwani kwa chini. Vijiji vinaning'inia kwenye njia hizo kama matawi. Kwenye ramani yenye umbo la mti hakuna cha kulinganisha: unaingia tawi, unatoka, unaendelea. Mzee hakuwa analitatua lile swali langu la vituo vyovyote na barabara zozote. Swali lake lilikuwa dogo zaidi, na mimi ndiye niliyelikuza.

Mkitaka kujua kipimo ni kipi, kivurugeni. Nilimchorea mzee jedwali la vituo 10 vyenye majina ya hukuhuku, lakini umbali nikaubuni: Mahuta ikawa mbali na Tandahimba kuliko Masasi na Mtwara mjini, na kadhalika. Nikamwomba anipangie safari. Akaliangalia kwa muda mrefu, akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele, kisha akanirudishia karatasi.

"Mwalimu," akasema, "hapa ni nchi gani?"