Siki haikuulizwa hilo

Jumanne niliokota kadi ya kliniki mezani, hapa hapa Lamu: mama wa miaka 26, maumivu kila mwezi tangu avunje ungo. Chini yake mkono wa mmoja wenu, wauguzi wangu: "VIA hasi. PID. Doxy, metro." Yaani siki ya kupima dalili za saratani haikuona kitu; basi ni maambukizi ya nyonga, yale ambayo mara nyingi huletwa na ngono; apewe antibiotiki. Wanangu, nawapenda, lakini kwa sekunde moja nilidhani ule mwandiko ni wangu.

1. Siki ni ya mlango wa kizazi. Endometriosisi, tishu inayofanana na utando wa ndani ya kizazi, imeota nje ya kizazi, kwenye ovari au juu ya utumbo, siki itaionaje? Mpimeni, ni haki yake, ila hiyo "hasi" isifunge kadi.

2. Ultrasaundi safi haimtoi mtu kwenye orodha: itaonyesha uvimbe wa ovari wenye damu nzito kama chokoleti, vidoa vidogo itavipita. Kipimo cha damu cha CA-125 msimwagize, mwacheni na nauli yake ya boti.

3. Dawa ya maumivu na vidonge vya homoni havingoji laparoskopi, ile kamera ya kuingizwa tumboni. Mwongozo wa 2022 wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, unasema hivyo, someni.

4. Ulizeni inauma lini, na wapi. Wenye endometriosisi ni karibu asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Hesabuni benchi la Jumatatu.

Hapa ndipo nilipoanguka. Miaka ya nyuma kulikuwa na mgonjwa wangu mmoja, alikuwa akija kutoka kisiwa cha Pate na chupa ya soda yenye maji ya moto, kaifunga tumboni kwa leso. Hakai kwenye benchi, anasimama dirishani kaegemea ukuta. "Sista, siku zangu zikiingia, choo kikubwa nakilia." Sentensi hiyo ilikuwa kipimo kizima, tena cha bure. Sikuiandika. Fomu haina mahali pake, na foleni ilishafika uani. Nikapaka siki, ikawa hasi, nikamwambia uko safi. Nilipompima kwa vidole aliruka, nikaandika PID. Akarudi, PID. Mara ya tatu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata taratibu, nikamwita mume naye ameze dawa.

Mnajua mume akiambiwa ameze dawa za PID anaelewa nini. Alimuuliza mkewe kaitoa wapi. Mke akarudi kwao miezi mitano, na mimi nikikutana naye gatini namwambia, "Ukizaa itaisha, mwanangu." Azae na nani?

Miaka minne baadaye aliingizwa kamera Mombasa. Akaniletea barua ya daktari, ni endometriosisi, imekunjwa mara nne, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Mwambie wewe, sista. Mimi haniamini."

Nikapanda boti. Mume alinisikiliza mpaka mwisho, kimya, kisha akauliza, "Sasa zile dawa nilizomeza mimi zilikuwa za nini?"