Otopailoti ikishawashwa, marubani hubaki na kazi gani?

Umeuliza marubani wawili wanafanya nini safari nzima ya Nairobi–Mombasa kama otopailoti, yaani mtambo unaoendesha ndege bila mkono wa rubani, ndiyo inayoendesha. Kwanza, kupaa hufanywa kwa mkono. Otopailoti huwashwa baadaye, ndege ikiwa juu futi mia kadhaa, nayo hufuata ilichoambiwa tu, hata kama ni upuuzi.

Rubani mmoja huendesha, mwenzake husimamia: redio, orodha za ukaguzi, vipimo. Hupokezana, kwa hiyo si lazima kapteni ndiye aendeshe. Tuseme waongozaji wa ndege walio ardhini wanasema shukeni hadi futi 9,000. Msimamizi anarudia redioni, mwendeshaji anazungusha kitufe, kisha wote wawili wanaisoma 9,000 kwenye skrini. Wanasoma pia modi iliyoshika, yaani namna ya kuendesha ambayo otopailoti inafuata, na hapo ndipo watu huumia. Kwenye ndege ya Airbus A320 iliyoanguka karibu na Strasbourg, Ufaransa, Januari 1992, kitufe kimoja kilitumika kuweka pembe ya kushuka au kasi ya kushuka. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba walitaka digrii 3.3, mashine ikashika futi 3,300 kwa dakika. Walikufa watu 87.

Kutua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, nako kunataka macho. Uwanja uko futi 5,300 hivi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kipimo cha kasi kikisema noti 140 (maili za baharini kwa saa), ndege inakwenda zaidi ya 150. Kwa pembe ileile ya digrii 3, inashuka haraka kuliko ingeshuka Mombasa. Mambo yakienda mrama, kuna kitufe chekundu cha kuizima otopailoti kwenye usukani, chini ya kidole gumba.