Bob Hayes aliwezaje, Jim Hines akashindwa?

Mkuu, umeuliza kwa nini mkimbiaji Bob Hayes aling'ara NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ilhali wakimbiaji wengine huchemsha. Jibu ni kwamba Hayes alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani hata kabla ya Olimpiki; aliicheza chuoni Florida A&M. Tokyo 1964 alishinda mita 100 kwa sekunde 10.0, akaongeza dhahabu ya kupokezana vijiti. Mwaka 1965 akaingia timu ya Dallas Cowboys na msimu huohuo akadaka mipira 46, yadi 1,003, tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 12. Huo ni msimu wa kwanza tu! Beki mmoja hakuweza kumkaba peke yake, timu zikalazimika kugawana maeneo ya kulinda.

Jim Hines, bingwa wa Olimpiki wa mita 100 mwaka 1968, alikuwa na kasi ileile lakini mikono haikudaka. Akiwa na timu ya NFL ya Miami alidaka mipira miwili tu.

Mita 100 ni mstari ulionyooka. Mpokeaji, yaani mchezaji wa kudaka pasi kama Hayes, hukata kona ghafla, hupunguza mwendo bila kumshtua beki, hugeuza shingo na kudaka huku akijua atagongwa. Hayo hayajengwi kwa mazoezi ya kuanzia mbio. Kama una kijana mkimbiaji anayetaka kucheza futiboli hiyo, aanze na kudaka.