Mbona Suárez Peke Yake Ndiye Mwizi?

SWALI: Shikamoo mzee. Kijiweni kwetu tumebishana mpaka chai imepoa. Kila Ghana ikitajwa, watangazaji humwita Luis Suárez wa Uruguay mwizi. Kwani ni yeye tu aliyewahi kuhadaa kwenye Kombe la Dunia? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiku ule wa Julai 2, 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay, niliishangilia Ghana hadi sauti ikanikauka. Dakika ya 120, bao 1-1, Dominic Adiyiah kapiga kichwa, mpira unaingia, Suárez akauzuia kwa mikono mstarini. Asamoah Gyan akagonga mwamba. Uruguay wakapita kwa penalti 4-2, nami nikalala bila kula. Simtetei kwa mapenzi.

Lakini nimepuliza kipenga viwanja vya mkoa miaka 14, na refa hafumbi jicho moja. Siku 5 kabla, mjini Bloemfontein, shuti la Frank Lampard wa England liligonga mwamba likadunda ndani ya goli la Ujerumani, peupe kabisa. Kipa Manuel Neuer akaudaka mpira, akauanzisha upesi, na bao halikuhesabiwa. Baadaye alisema mwenyewe kwamba alijua umevuka mstari, na upesi wake ule ndio uliomhadaa mwamuzi. Lawama zikamwangukia mwamuzi Jorge Larrionda na FIFA, mjadala ukawa teknolojia ya mstari wa goli. Neno "mwizi" kando ya jina la Neuer nimelitafuta, sijaliona.

Sasa pima. Suárez alilimwa kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti, na nusu fainali hakuicheza. Neuer hakulipa chochote. Thierry Henry wa Ufaransa naye aliunawa mpira Stade de France, Novemba 18, 2009, kwenye mechi ya mchujo dhidi ya Ireland, William Gallas akafunga, Ireland wakakosa Kombe la Dunia. Alikiri mechi ilipokwisha. FIFA haikumfungia hata mechi moja.

Suárez alijiponza, hilo nalisema. Alishangilia Gyan alipokosa, kisha akatamba kwamba Mkono wa Mungu, jina la bao la mkono la Maradona mwaka 1986, sasa ni wake. Liliniuma kuliko kuunawa kwenyewe. Ila jeuri ni kosa jingine, na wachambuzi wameliingiza kwenye hesabu ya wizi.

Mtangazaji wenu akirudia, mwombeni airudishe picha ya Bloemfontein, aisimamishe pale Neuer anapoudaka ule mpira. Nataka nisikie atamwita nani.