Clang na musl kwenye kompyuta ya masomo

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi na ninaishi Umoja, Nairobi. Nina kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 8. Ninataka kujijengea mfumo wa Linux usiotumia GCC wala glibc, bali Clang na musl. Nianzie wapi bila kuharibu mfumo ninaousomea?

JIBU: GCC na Clang ni kompaila, yaani programu zinazogeuza msimbo kuwa programu za kuendesha; glibc na musl ni maktaba za C, ambazo karibu programu zote za mfumo huzitegemea. Jambo hilo linawezekana, kwani Chimera Linux, mfumo mmojawapo wa Linux, imejengwa kwa Clang na musl. Alpine, mfumo mwingine wa Linux, nayo ilihamia musl mwaka 2014 lakini ikabaki na GCC. Kwa hiyo unaweza kubadilisha kimoja bila kingine, nami ningekushauri ufanye hivyo.

Kompaila haitakusumbua sana. Clang huelewa chaguo nyingi za GCC, na hata kerneli, yaani kiini cha Linux, hujengwa nayo kwa amri ya make LLVM=1. Utakwama pale ambapo mwandishi wa programu alitumia nyongeza za GCC, kama vile kuandika fanksheni ya C ndani ya fanksheni nyingine, jambo ambalo Clang hulikataa.

Kazi kubwa iko kwenye maktaba. Programu iliyojengwa kwa glibc huwa imeandikwa ndani yake mahali kilipo kipakiaji cha glibc, yaani programu ndogo inayopakia maktaba programu inapoanza, hivyo ukiiendesha kwenye mfumo wenye musl pekee utaambiwa kwamba faili haipo, ilhali unaiona kwa ls. Kinachokosekana ni kipakiaji hicho, wala si programu yenyewe. Programu nyingine hufunguka vizuri kisha hufa katikati ya kazi, kwa sababu musl huupa kila uzi (mkondo wa kazi ndani ya programu) steki (kumbukumbu yake ya muda) ya kilobaiti 128 usipoomba zaidi, wakati kwa glibc kawaida ni megabaiti 8.

Usiiguse kabisa glibc ya mfumo wako. Ukiiondoa, hata ls haitafanya kazi. Pakua mfumo mdogo wa Alpine uitwao minirootfs, ambao ni wa megabaiti chache tu na hautakumalizia bando, uufungue kwenye folda yake, unakili humo faili ya /etc/resolv.conf ili upate mtandao, kisha uingie kwa chroot, amri inayoifanya folda hiyo ionekane kama mfumo mzima. Hapo utakuwa tayari na musl, na Clang utaipata kwa apk, kisakinishi cha Alpine. Clang hiyo bado huegemea libgcc na libstdc++, ambazo ni maktaba za GCC. Kuziondoa kutakulazimu ujenge compiler-rt, libunwind na libc++, maktaba za LLVM (mradi ambao Clang ni sehemu yake), na hiyo iwe hatua ya mwisho.

Ukifika kwenye kuijenga LLVM yenyewe, chagua Release (aina ya ujenzi isiyobeba taarifa za kusaka hitilafu) na uweke LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS kuwa 1, la sivyo hatua ya kuunganisha itaimaliza RAM yako yote. Stima ikipotea katikati ya kazi, rudia amri ya ninja, inayoendesha ujenzi huo, nayo itaendelea ilipoishia. Ikilalamikia faili iliyokuwa ikiandikwa wakati huo, ifute faili hiyo tu.